Mwongozo kamili: Kupanga usimamizi wa pamoja wa maji ya chini ya ardhi katika bonde la mto la nchi mbili au zaidi

Mipango ya aina hii hufia karibu kila mara mahali pamoja. Mawaziri husaini, kamati huundwa, kisha wataalamu hukaa mezani na kukuta takwimu zao hazisomeki pamoja. Huyu anapima kina cha maji kuanzia mdomo wa kisima, yule anaandika mwinuko kutoka usawa wa bahari. Huyu ana kiasi cha maji yanayotolewa kwa mwaka, yule ana idadi ya vibali tu. Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye kugawana asilimia za maji ambayo hakuna aliyeyapima, na hayatoki hapo.

Utaratibu ulio hapa chini unageuza mpangilio huo: vipimo vya pamoja kwanza, kisha eneo dogo lenye mgongano halisi, na mkataba mwishoni. Unawafaa watumishi wa ofisi za mabonde, wizara za maji na tume za mito. Tabaka la mwamba, mchanga au changarawe linalohifadhi maji na kuyapitisha tutaliita akwifa.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Watu, kwa kila nchi: mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, mtaalamu wa mtiririko wa mito, mpima ardhi, mwanasheria wa maji na mtunza data. Mpima ardhi ndiye anayesahaulika kuliko wote. Hatua ya 3 itaonyesha hasara yake.

Kumbukumbu: ramani za jiolojia, fomu za uchimbaji wa visima, matokeo ya majaribio ya kupampu, mvua na mtiririko wa mto wa miaka 10 au zaidi, orodha ya vibali, na nakala ya kila mkataba wa mto ambao nchi hizo zimeshaingia.

Vifaa vya uwandani:
- utepe wa kupimia kina cha maji, ule unaolia ncha yake ikigusa maji (mmoja kwa kila kikosi, na wa akiba)
- virekodi vya shinikizo vya kuning'iniza kisimani, pamoja na kimoja cha shinikizo la hewa
- vipokezi vya GNSS (vya kupima mahali na urefu kwa setilaiti) vya masafa mawili, angalau viwili
- mita ya upitishaji umeme, pH na joto la maji, na miyeyusho ya kuisawazisha

Programu: QGIS kwa ramani na MODFLOW ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS, kwa modeli ya mtiririko wa maji ya chini ya ardhi. Zote ni za bure. Modeli yenyewe haihitajiki mwaka wa kwanza, na ofisi inayoanza na modeli kabla ya vipimo hupoteza fedha.

Muda: tenga miezi 24 hadi 36. Chini ya hapo hupati misimu miwili kamili ya mvua, na msimu mmoja hauwezi kukuonyesha kama maji yanashuka au yanapumua tu na mvua.

## Hatua ya 1: Tafuta mlango wa kisheria ambao tayari uko wazi

Soma kwanza mkataba wa mto mlio nao, hasa kifungu cha tafsiri ya maneno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mikondo ya maji ya kimataifa, ulioanza kutumika 2014, unahesabu maji ya juu na ya chini ya ardhi yaliyoungana kuwa mfumo mmoja. Itifaki ya SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ya mikondo ya maji ya pamoja, iliyorekebishwa mwaka 2000, inafanya vivyo hivyo. Kama nchi zenu zimo katika mojawapo, huenda tume yenu ya mto ina msingi wa kushughulikia akwifa zinazolisha mto huo hata kama haijawahi kuutumia.

Akwifa isiyoungana na mto wowote iko nje ya tafsiri hiyo. Kwa hali hiyo azimeni maneno ya vifungu 19 vilivyoambatishwa kwenye azimio namba 63/124 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 2008. Havifungi nchi yoyote kisheria, lakini vimeandikwa kwa uangalifu na vinawaokoa wanasheria wenu miezi ya kubishana juu ya tafsiri.

Kisha undeni kamati ndogo ya maji ya chini ya ardhi ndani ya tume iliyopo. Botswana, Namibia na Afrika Kusini zilifanya hivyo kwa akwifa ya Stampriet: utaratibu wa ushirikiano wa mwaka 2017 uliwekwa ndani ya ORASECOM, tume ya mto Orange-Senqu. Chombo kipya kinataka bajeti, ofisi na bunge. Kamati ndogo inataka barua.

Barua hiyo isizidi kurasa mbili. Itaje vyeo vya wajumbe badala ya majina, kwa sababu watu huhamishwa. Itoe ruhusa ya kubadilishana data ghafi kwa miaka mitatu, na ruhusa ya vikosi kuvuka mpaka na vifaa vyao bila kuomba upya kila safari. Hilo la mwisho linaonekana dogo hadi virekodi vikae forodhani wiki sita huku msimu wa mvua ukipita.

Onyo: hapa epukeni sentensi yoyote inayosema nani ni mwenye maji. Mkataba wa akwifa ya Guarani kati ya Argentina, Brazil, Paraguay na Uruguay ulisainiwa Agosti 2010 ukaanza kutumika 2020. Vikosi vyenu haviwezi kusubiri miaka kumi ndipo vianze kupima.

## Hatua ya 2: Choreni mipaka mitatu kwenye ramani moja

Kuna mpaka wa nchi, mpaka wa bonde la mto na mpaka wa akwifa. Havilingani. Akwifa inaweza kupita chini ya kilele kinachotenganisha mabonde mawili, kwa hiyo maji yanayopampuliwa katika bonde lenu yanaweza kuwa yalinyesha katika bonde jirani.

Tumieni kipimo kimoja cha ramani kwa pande zote. 1:250,000 kinatosha kuanzia. Tatizo mtakalokutana nalo karibu kwa uhakika ni hili: mwamba uleule una jina moja upande huu na jina jingine upande ule, na kwenye ramani iliyounganishwa unaonekana kukatika ghafla kwenye mstari wa mpaka. Msilimalize ofisini. Wajiolojia wa pande zote waende pamoja kwenye miamba iliyo wazi karibu na mpaka, kisha wachore angalau sehemu tatu za wima zinazovuka mpaka kwa kutumia kumbukumbu za visima vilivyopo.

Kwa kila akwifa andikeni aina yake: huru (maji yake yana uso unaopanda na kushuka), iliyofungwa (ina tabaka zito lisilopitisha maji kirahisi juu yake na maji yako kwenye shinikizo), au ya nyufa na mapango ya chokaa. Tofauti hizi ndizo zitakazoamua upana wa eneo la mpaka katika hatua ya 6.

Kazi imekamilika pale ambapo hakuna tabaka linaloishia kwenye mstari wa mpaka bila sababu ya kijiolojia.

## Hatua ya 3: Pimeni visima kwa mwinuko wa rejea mmoja

Hapa ndipo pa kutumia muda na fedha. Maji ya chini ya ardhi hutiririka kutoka penye usawa wa juu kwenda penye usawa wa chini, na mteremko wake kwa kawaida ni mdogo mno. Chukueni mteremko wa 0.0005 na visima viwili vilivyoachana kilomita 2, kila kimoja katika nchi yake: tofauti ya usawa ni mita 1 tu. Sasa, mifumo ya mwinuko ya nchi hizo mbili ikipishana kwa mita 1.2, mshale wa mtiririko kwenye ramani unaweza kugeuka. Nchi inayopokea maji inaonekana ndiyo inayoyatoa, na kila hoja itakayojengwa juu ya ramani hiyo itakuwa kinyume.

Fanyeni hivi:

1. Chagueni visima 15 hadi 30 kila upande. Kila kimoja lazima kijulikane kina chake na mahali bomba lake lenye matundu lilipo. Kisima kilichofunguliwa kwenye akwifa mbili kwa pamoja hutoa usawa wa katikati usio wa akwifa yoyote. Kiondoeni kwenye orodha.
2. Kateni alama ndogo kwenye ukingo wa kesingi (bomba la nje la kisima) kwa msumeno na kuipaka rangi. Vipimo vyote, leo na miaka 20 ijayo, vitaanzia kwenye alama hiyo. Andikeni pia urefu wa ukingo kutoka ardhini, maana kesingi hukatwa, huvunjwa na kurefushwa.
3. Wekeni GNSS juu ya kila kisima si chini ya saa moja, pande zote mbili katika kampeni moja, kwa vifaa vilevile na vituo vya rejea vilevile. Lengeni usahihi wa sentimita 5.
4. Geuzeni urefu wote kwa modeli moja ya usawa wa bahari, kwa mfano EGM2008. Urefu unaotolewa na GNSS moja kwa moja si mwinuko kutoka usawa wa bahari, na pengo kati ya hivyo viwili linaweza kuwa makumi ya mita.

Baada ya hapo pimeni kina cha maji pande zote katika wiki ileile, mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua. Kisima kinachopampuliwa kipumzike saa 24. Mwenyewe akikataa kukizima saa zote hizo, someni mara mbili kwa kuachana dakika tano. Masomo yakipishana zaidi ya sentimita 2, maji bado yanapanda na kipimo hakifai. Kiandikeni hivyo, msikifute.

Virekodi viwekwe kwenye visima vitano au sita kila upande, vikisoma kila saa. Vingi hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake, na hektopaskali 1 ya hewa ni karibu sentimita 1 ya maji. Bila kutoa shinikizo la hewa mtaona maji "yakipanda na kushuka" kila siku, na kuna ripoti zilizowahi kuandikwa juu ya mawimbi ambayo yalikuwa hali ya hewa tu. Kila miezi mitatu linganisheni kirekodi na utepe. Kikipotoka, kamba imeteleza au kihisi kimechoka.

Mkishapata ramani moja ya usawa wa maji iliyosainiwa na wataalamu wakuu wa pande zote, mmevuka sehemu ngumu kuliko zote.

## Hatua ya 4: Ubora wa maji, kwa lugha moja ya vipimo

Hii ni fupi, lakini ina mtego unaoharibu ripoti nyingi. Maabara moja huripoti nitrati kama nitrati yenyewe, nyingine kama naitrojeni iliyomo ndani yake. Miligramu 10 kwa lita za naitrojeni ni sawa na takribani miligramu 44 za nitrati. Mkiunganisha majedwali bila kuangalia, upande mmoja utaonekana umechafua maji mara nne zaidi ya mwingine.

Kubalianeni kutumia nitrati yenyewe, kwa kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita, floridi 1.5, aseniki 0.01. Kila uchambuzi wa madini makuu ukaguliwe mizani ya ioni zake: chaji chanya na hasi zipishane si zaidi ya asilimia 5. Na kila kampeni peleka sampuli tano hadi kumi zilezile kwenye maabara zote mbili, zikiwa na namba zisizoonyesha zilikotoka.

## Hatua ya 5: Hesabuni maji mara moja tu

Sasa andaeni daftari la maji: kinachoingia, kinachotoka, kinachovuka mpaka.

Kinachoingia kutoka mvua. Tumieni njia mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni kupanda kwa maji kisimani: zidisheni mpando kwa uwiano wa maji ambayo tabaka hilo huachia. Maji yakipanda mita 1.2 na uwiano ukiwa 0.05, kilichoingia ni milimita 60. Ya pili ni kloridi: mvua ya milimita 800 yenye miligramu 1 ya kloridi kwa lita, na maji ya kisima yenye miligramu 20, inatoa 800 × 1 ÷ 20 = milimita 40. Andikeni "40 hadi 60" na mpange kwa 40. Njia ya kwanza haifai kwenye akwifa iliyofungwa wala karibu na pampu kubwa. Ya pili haifai penye miamba ya chumvi, majitaka au umwagiliaji.

Pimeni na tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, kwenye sampuli chache. Nusu ya maisha yake ni miaka 12.3, na maji yasiyo nayo kabisa kwa kawaida yaliingia ardhini kabla ya majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950. Mkikuta akwifa nzima iko hivyo, mpango unabadilika: hamgawani tena kinachoingia kila mwaka, mnakubaliana akiba ipungue kwa kasi gani. Ndiyo hali ya akwifa ya Nubia inayoshirikiwa na Chad, Libya, Misri na Sudan.

Kinachovuka mpaka. Zidisheni uwezo wa tabaka kupitisha maji, mteremko, unene na upana. Kwa mita 10 kwa siku, mteremko 0.002, unene mita 30 na upana wa kilomita 15, mnapata mita za ujazo 9,000 kwa siku, karibu milioni 3.3 kwa mwaka. Watu wengi hushangaa namba hii ilivyo ndogo ukilinganisha na kelele za kisiasa zinazoizunguka. Waacheni washangae mapema, kabla ya mazungumzo.

Kinachopampuliwa. Msiamini vibali. Kibali husema mtu anaruhusiwa kiasi gani, hakisemi ametoa kiasi gani. Pasipo na mita ya maji tumieni ankara ya umeme: uniti za umeme × 367 × ufanisi wa pampu ÷ kimo cha kuinua kwa mita. Uniti 1,000, ufanisi 0.5, kimo mita 60: ni takribani mita za ujazo 3,060. Kimo kipimwe maji yakiwa yameshuka wakati pampu inafanya kazi, tena kiongezwe urefu wa kwenda tangini. Kwa pampu za jua na dizeli, pimeni mtiririko kwa pipa na saa, kisha zidisheni kwa saa za kazi. Mashamba makubwa ya umwagiliaji yakaguliwe kwa picha za setilaiti za WaPOR za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pale zinapopatikana.

Kinachotokezea mtoni. Maji yanayotiririka mtoni wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika muda mrefu, kwa sehemu kubwa ni maji ya chini ya ardhi yanayotoka. Hapa ndipo hesabu hurudiwa bila mtu kujua. Chukueni bonde ambalo mvua huingiza ardhini mita za ujazo milioni 60 kwa mwaka, na milioni 45 kati ya hizo hutokezea mtoni. Idara ya visima inatoa vibali vya milioni 40. Idara ya mto, jengo jingine, inagawa milioni 40 za kiangazi. Kila moja iko ndani ya namba zake, lakini pamoja zimegawa milioni 80 kutoka kwenye 60. Nchi mbili zikiwa na idara mbili mbili, maji yaleyale yanaweza kuhesabiwa mara nne.

Dawa yake ni safu moja ya ziada kwenye jedwali: kwa kila kiasi cha mto cha kiangazi, andikeni kimetoka akwifa ipi, na mkitoe kwenye salio la akwifa hiyo kabla ya kutoa kibali chochote.

Onyo kuhusu setilaiti: GRACE (2002 hadi 2017) na GRACE-FO (tangu 2018) hupima mabadiliko ya uzito wa maji kwenye maeneo ya mamia ya kilomita. Kwa akwifa ya kilomita 40 kwa 60 hazikuambii kitu, hata ramani yake iwe na rangi za kupendeza namna gani.

## Hatua ya 6: Pimeni upana wa eneo la mpaka

Hakuna haja ya kusimamia bonde zima kwa pamoja. Simamieni kwa pamoja mahali ambapo pampu ya upande mmoja inaweza kuathiri upande wa pili. Kwa makadirio ya kwanza, umbali athari inapofika ni 1.5 × kipeuo cha pili cha (T × t ÷ S), ambapo T ni uwezo wa akwifa nzima kupitisha maji, t ni siku za kupampu, na S ni kigezo cha uhifadhi, yaani uwiano wa maji ambayo akwifa huachia usawa wake ukishuka.

Kwa T ya mita za mraba 200 kwa siku:

- akwifa huru, S 0.1, siku 30: karibu mita 370
- akwifa huru, S 0.1, miaka 10: karibu kilomita 4
- akwifa iliyofungwa, S 0.0002, siku 30: zaidi ya kilomita 8

Someni mistari hiyo tena kabla ya kukubali pendekezo la "mita 500 kila upande", ambalo hupenda kujitokeza kwa sababu ni namba nzuri ya kukumbuka. Kwenye akwifa iliyofungwa halina maana yoyote. Kwenye chokaa yenye mapango msitumie fomula hii kabisa. Fanyeni jaribio la rangi (kumwaga rangi kwenye maji na kuangalia itatokeza wapi na lini), kwa sababu maji humo yanaweza kwenda mamia ya mita kwa siku.

Uchafuzi una hesabu yake, tofauti na ya kushuka kwa maji. Katika tabaka la mfano wa hatua ya 5, kwa nafasi wazi za asilimia 20, maji husogea sentimita 10 kwa siku. Dampo lililo kilomita 1 kutoka mpakani litaonekana upande wa pili baada ya miaka 27 hivi. Kwa hiyo pima visima vilivyo jirani na dampo, usisubiri vya mpakani.

Mto nao uwekewe ukanda wake. Zidisheni umbali wa kisima kutoka mtoni kwa umbali huohuo, mara S, gawanyeni kwa T. Kisima kilicho kilomita 1, S 0.15 na T 500, kinatoa siku 300: kufikia hapo zaidi ya robo ya maji yote kiliyoyatoa yamenyang'anywa mto. Kikisogezwa kilomita 2 ni siku 1,200. Jambo la kuwaeleza viongozi ni kwamba kuzima pampu leo hakurudishi mto kesho. Mto huendelea kupungukiwa muda mrefu baada ya pampu kunyamaza, ndiyo maana kuzima visima katikati ya ukame hakuokoi kiangazi hichohicho.

Ndani ya ukanda huo andikeni sheria zinazofanana pande zote. Jordan na Saudi Arabia, katika makubaliano yao ya 2015 kuhusu akwifa ya Al-Sag/Al-Disi, walitenga eneo la hifadhi lisiloruhusiwa kutolewa maji. Si lazima mfike huko. Kibali cha pamoja kwa visima vinavyozidi kiwango fulani kinaweza kutosha.

## Hatua ya 7: Wekeni viwango vya tahadhari vyenye vitendo

Kiwango kisicho na kitendo ni pambo la ripoti. Anzieni kwa kinachoharibika, kisha rudini nyuma.

Mfano: visima vifupi vya eneo vina kina cha mita 18, pampu zake ziko mita 16, na zinataka mita 2 za maji juu yake. Kiwango chekundu ni kina cha mita 14. Maji yanashuka nusu mita kwa mwaka, na kutoka uamuzi hadi matokeo kuonekana ni miaka minne. Basi kiwango cha njano kiwe mita 12. Kasi ya kushuka ikiongezeka, njano isogezwe juu.

Njano ikigonga kwenye visima viwili kati ya vitatu vilivyochaguliwa: hakuna kibali kipya ukandani, vipimo vinakuwa vya kila mwezi, na wakuu wa pande mbili wanakutana ndani ya siku 30. Nyekundu ikigonga: upunguzaji ulioandikwa tangu mwanzo, kwa asilimia na kwa mpangilio wa watumiaji, maji ya majumbani yakiguswa mwisho. Asilimia zijadiliwe sasa. Mkisubiri ukame, kila upande utakuwa na shamba la mtu mkubwa la kulinda.

## Hatua ya 8: Andikeni makubaliano

Mwili wa makubaliano uwe mfupi. Namba zote ziende kwenye viambatisho ambavyo kamati ya wataalamu inaweza kuvibadilisha bila kurudi kwa mawaziri. Viambatisho visivyopungua ni hivi: ramani ya ukanda, orodha ya visima na alama zake za rejea, fomu ya data na tarehe za kuituma, viwango na vitendo, na mgawanyo wa gharama.

Taarifa ya miradi mipya ifuate muda ambao Mkataba wa 1997 umeuweka: miezi sita ya kujibu, inayoweza kuongezwa sita mingine. Taarifa iambatane na T, S, kina, kiasi na saa za kupampu. Barua inayosema "mradi wa visima vya maji" tu haihesabiwi kuwa taarifa.

Kwa gharama, tazameni mpango wa akwifa ya Geneva uliosainiwa na mamlaka za Uswisi na Ufaransa za ngazi ya chini, si serikali kuu, ukaanza kutumika 1978 na kufanywa upya 2007. Geneva hujaza akwifa kwa maji ya mto Arve yaliyosafishwa. Upande wa Ufaransa uliwekewa kikomo cha mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, milioni 2 za kwanza bila malipo, na visima vikawekewa mita. Aliyetoa maji alijulikana, kwa hiyo aliyepaswa kulipia ujazaji alijulikana pia. Pasipo mita, mfumo kama huo hauwezekani.

## Hatua ya 9: Endesheni mwaka wa kwanza

Kiashiria 6.5.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinauliza mambo manne: chombo cha pamoja, mkutano angalau mara moja kwa mwaka, mpango wa pamoja, na kubadilishana data kila mwaka. Yatumieni kama kima cha chini. Ratiba inayofanya kazi ni kampeni mbili za vipimo, data kutumwa siku 45 baada ya kila kampeni, na mkutano mmoja unaofanyika juu ya visima, si hotelini.

Wekeni kwenye bajeti ya kawaida ya kila nchi betri, kamba, virekodi vya kubadilisha na mafuta ya gari. Mitandao ya visima hufa mwaka ambao mradi wa ufadhili unaisha, na mara nyingi kilichoua ni betri.

Upande mmoja ukichelewa kutuma data, msisimamishe ya kwenu. Tumeni kwa tarehe yake, mwachie safu zao wazi kwenye jedwali la pamoja, na jedwali hilo liende kwa tume likiwa na mapengo yake. Mapengo yakifika kampeni ya pili, kamati iombe kikosi cha pamoja kipime visima hivyo kwa kutumia ruhusa ya kuvuka mpaka iliyo kwenye barua ya hatua ya 1.